Injini Kubwa Katika Gari la Zamani: Tuanze na Breki

(Maneno haya yalisemwa na mwanachama mwenzetu, fundi wa magari, mbele ya mkutano wa mafundi na madereva hapa Kakamega. Tumeyachapa karibu kama alivyoyasema, kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Katibu ameniomba niseme juu ya kazi moja ambayo wengi wetu tumeifanya au tutaifanya: kutoa injini ndogo iliyochoka katika pikapu ya zamani ya magurudumu manne, na kutia injini kubwa mahali pake. Alinipa nusu saa. Nimemwambia kwamba kumpa fundi nusu saa ya kusema habari za injini ni kama kumpa mlevi nusu kikombe, lakini nitajitahidi.

Nitasema zaidi juu ya Land Rover, kwa sababu ndiyo iliyo nyingi katika vibanda vyetu kwa kazi hii, na kwa sababu ndiyo inayotudanganya zaidi. Bodi yake ni ya aluminiamu, haili kutu, kwa hiyo mtu akiitazama huona gari zima. Chini yake chesisi ni ya chuma, nayo huliwa polepole kwa ndani. Gari hizi zilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, na kuanzia miaka ya 1970 nyingi ziliunganishwa hapa hapa Kenya, katika kiwanda cha Leyland kule Thika. Zile tunazoziita Siriz Thrii zilianza mwaka 1971 zikakoma mwaka 1985. Maana yake hata iliyo changa kabisa katika hizo ni mzee wa miaka arobaini. Na bado inabeba mchanga, maziwa, mbao na ng'ombe.

Kwa nini mwenye gari anataka injini kubwa? Sababu zake ni za kweli, tusimcheke. Injini ya petroli ya lita 2.25 ilitoka kiwandani na nguvu za farasi kama 70. Lakini farasi hao walihesabiwa Uingereza, karibu na usawa wa bahari. Sisi hapa tuko juu, mita 1,500 na zaidi, ambako hewa ni nyepesi, na injini isiyo na taabo hupoteza kama sehemu moja katika kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda. Basi farasi 70 wakiletwa Kakamega, kumi hubaki njiani na 60 ndio hufika. Ondoa tena wale waliokufa kwa uzee wa pistoni na valvu. Kisha pakia saruji Kisumu, ambako ni chini, kama mita 1,130 tu, upite Mamboleo, upande kwenda Kiboswa, Majengo na Chavakali. Mvua ikinyesha, uiache lami na kuingia udongo mwekundu wa Shinyalu au Ikolomani. Hapo mwenye gari huanza kuulizia bei ya injini ya Isuzu.

Tena gari jipya halishikiki kwa bei, na lililotumika kutoka ng'ambo lazima liwe halijapita miaka minane ndipo liruhusiwe kuingia nchini. Injini peke yake, iliyotolewa katika gari lililovunjwa, hupatikana Nairobi, pale Kirinyaga Road ambapo wengi bado wanapaita Grogan. Ndiyo maana kazi hii ipo, na itaendelea kuwapo.

Sasa neno langu ni hili. Mwenye gari huja akisema, "Fundi, nataka injini kubwa." Fundi naye hukimbilia kupima kama injini itaingia. Mimi nasema injini iwe ya mwisho. Kwanza breki, kisha ekseli, kisha chesisi, kisha sanduku la gia na klachi. Hivyo vyote vikiwa tayari kupokea, ndipo injini inyanyuliwe. Na kama pesa hazitoshi kufika mpaka injini, basi pesa hazitoshi kwa kazi hii.

Mtasema huyu ana woga. Tuangalie waliolitengeneza gari lenyewe. Mwaka 1979 kiwanda cha Land Rover kilifanya kazi hii hii tunayoizungumza. Kilichukua injini ya silinda nane ya lita 3.5, ambayo tayari ilikuwa ndani ya Range Rover tangu mwaka 1970, kikaitia katika Land Rover ndefu ya 109. Gari hilo liliitwa Stage One. Katika Range Rover injini ile ilitoa nguvu za farasi kama 130. Je, katika Land Rover waliiachia itoe zote? Hapana, waliibana mpaka ikatoa 91 tu. Range Rover ilikuwa na breki za diski katika magurudumu yote manne na springi za koili. Land Rover ile ilibaki na madramu, na springi za majani kama zetu. Na hawakuliacha sanduku la gia la zamani. Walitia lile la Range Rover, ambalo huzungusha magurudumu manne wakati wote, ili nguvu zisiangukie ekseli moja ya nyuma. Hata uso wa gari waliusogeza mbele ili rejeta na injini vipate nafasi.

Basi kiwanda chenye mainjinia, mashine za kupimia na mawakili, kilipotia injini kubwa kiliibana na kubadilisha kilicho nyuma yake. Sisi chini ya mabati, kwa spana na nyundo, tunaambiwa, "Weka tu, mengine tutaona baadaye." Nani ataona? Atakayeona ni dereva.

Ngoja niifanye hesabu hii polepole, maana ndiyo shina la maneno yangu. Injini ndogo, pamoja na ubaya wake, ilikuwa breki ya kwanza ya gari. Ilikuwa hairuhusu gari lenye mzigo kukimbia. Ukitia kubwa, dereva yule yule, kwenye barabara ile ile, aliyekuwa akienda kilomita 60 kwa saa sasa anakwenda 80 bila hata kujua. Watu hudhani breki zimeongezewa kazi kwa theluthi moja. Sivyo. Kazi ya breki hufuata mwendo uliozidishwa kwa wenyewe. Sitini mara sitini ni 3,600. Themanini mara themanini ni 6,400. Hiyo ni karibu mara mbili, na madramu ni yale yale ya zamani, ya inchi 11 katika gari refu na inchi 10 katika fupi.

Wengine huongeza jambo lingine. Injini ya dizeli haipendi kuzungushwa sana, kwa hiyo huleta difu za Range Rover, ambazo huingia katika ekseli nyingi za Land Rover bila shida. Difu ya zamani ni ya 4.7, ile ya Range Rover ni ya 3.54. Kwa tairi za 7.50-16, injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika katika gia ya juu, gari la difu ya zamani huenda kama kilomita 83 kwa saa. La difu ya Range Rover huenda kama 110. Nakubali kwamba ni kazi nzuri, injini hupumua, mafuta hupungua. Lakini mkiteremka mlima kwa difu hiyo, injini haiwashiki kama zamani, kila kitu huwa juu ya mguu wa dereva. Mimi huwaambia wenye magari: difu hizo ni za yule aliyekwisha lipia breki.

Na breki zenyewe zikoje? Land Rover nyingi za zamani zina bomba moja la breki kwa magurudumu yote manne. Bomba likipasuka mahali pamoja, pedali huenda mpaka chini na magurudumu yote manne hayana kitu. Gari likivuka mto au dimbwi, madramu hunywa maji, na mpaka yakauke mnaomba Mungu. Kwa hiyo kazi ndogo kabisa ninayoikubali ni hii: masta silinda ya njia mbili, mabomba mapya yote ya chuma na ya mpira, silinda za magurudumu mpya au zilizofanyiwa kazi, breki shu mpya, na sevo ya kumsaidia dereva kukanyaga. Wenye pesa huleta ekseli nzima za gari za baadaye. Land Rover 110 iliyotoka mwaka 1983 ilikuwa tayari na diski mbele. Hapo kuna kazi ya kuchomelea viti vya springi, si ya mwanafunzi.

Juu ya sevo, sikilizeni vizuri, maana hapa mafundi wazuri huteleza. Sevo hufanya kazi kwa kufyonzwa hewa. Injini ya petroli huifyonza yenyewe kwa njia ya manifoldi. Dizeli haina mfyonzo wa kutosha pale. Ukitoa petroli ukatia dizeli, ukaunganisha bomba la sevo kwenye manifoldi kama lilivyokuwa, umempa dereva breki ngumu kama jiwe. Dizeli lazima iwe na pampu yake ya kufyonza hewa, ambayo katika injini nyingi za Kijapani huwa nyuma ya alteneta. Mkinunua injini Nairobi angalieni pampu hiyo ipo, na oili inaifikia. Muuzaji aweza kuitoa alteneta ile na kukupa nyingine isiyo na pampu, kwa bei ile ile, na kucheka.

Sasa ekseli. Ndani ya ekseli ya nyuma kuna zile hafu shafti mbili, na kila dereva wa Land Rover wa zamani anazijua kwa sauti yake zinapokatika. Zilikuwa dhaifu hata kwa injini yake ya kuzaliwa. Mwaka 1972 kiwanda kilianza kutia katika gari refu la 109 ekseli ya nyuma ya aina ya Salisbury, iliyo na nguvu zaidi; mtaitambua kwa tumbo kubwa lenye kifuniko cha bolti upande wa nyuma. Kama gari halina ekseli hiyo, msitie injini kubwa kabla ya kuitafuta.

Kwa nini nashikilia jambo hili? Kwa sababu ya handibreki. Katika gari nyingi handibreki hushika magurudumu yenyewe. Katika Land Rover za zamani haishiki magurudumu. Inashika dramu moja iliyo nyuma ya sanduku la gia, mahali propela ya nyuma inapoanzia. Basi hafu shafti moja ikikatika, difu huizungusha ile iliyokatika bure, na nguvu haifiki gurudumu la pili. Kwa wakati mmoja mmepoteza injini ya kuvuta, injini ya kushika, na handibreki pia. Kilichobaki ni breki ya mguu, ile ya bomba moja.

Jambo hili si la kitabuni. Pikapu moja ya 109 iliyotiwa dizeli ya lita 2.8 ilikuwa ikipanda kutoka Kisumu na mzigo wa saruji, na vijana wawili wa kupakua wamekaa juu ya mifuko. Injini ilikuwa nzuri, fundi aliifunga vizuri, haikuvuja hata tone. Ekseli ilikuwa ya zamani na breki za zamani, kwa amri ya mwenye gari, ambaye jina lake halina haja hapa. Katikati ya mlima dereva akabadilisha gia, hafu shafti ikakatika. Gari likasimama kidogo, likaanza kurudi nyuma. Akavuta handibreki mpaka juu, hakuna kitu. Akakanyaga breki, ikashika kidogo ikateleza. Huyu dereva alikuwa mtu mzima, alijua gari lake: akabonyeza kile kitufe cha manjano kinachoingiza magurudumu ya mbele, na kwa bahati habu za mbele zilikuwa zimefungwa. Gia na handibreki vikapata magurudumu ya kushika, gari likasimama limekaa kando ya mtaro. Vijana walikuwa wamekwisha ruka, mmoja alivunjika mkono. Mwenye gari alipofika aliuliza kwanza habari za saruji. Kisha alimkata dereva mshahara kwa sababu ya "kuendesha vibaya", na fundi hakumaliziwa pesa zake mpaka leo, kwa sababu "injini yako imevunja gari langu."

Madereva mlioko hapa, shikeni jambo hilo la kitufe cha manjano. Si la kutumia kila siku kwenye lami kavu, maana gari hizi hazina difu ya katikati na mtavunja kitu kingine. Ni la siku ya shida. Na kama gari lenu lina habu za kufungua kwa mkono huko mbele, zikifunguliwa kitufe hakisaidii lolote. Kwenye milima yenye mzigo ziacheni zimefungwa.

Nirudi kwenye banda. Kuunganisha injini ya kigeni na sanduku la gia la Land Rover kunahitaji sahani ya chuma katikati, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika bila kelele. Sahani hiyo haitaki kukatwa kwa macho. Shimo la katikati lazima likerezwe kwa mashine, na kabla ya kufunga pimeni kwa saa ya kupimia, ile yenye mshale, mkizungusha flaiwili polepole. Shafti ya gia ikiwa imekaa pembeni kidogo tu, gari litatoka banda likiimba vizuri, na baada ya miezi mitatu beringi imekwisha na klachi imepasuka. Vijana wanaotoka Sigalagala wamefundishwa kupima. Tuwasikilize. Sisi wazee tuna mikono, wao wana vipimo, na hakuna ubaya wa kijana kumwambia mzee, "Ngoja tupime tena."

Klachi iwe ya injini kubwa, si ya sanduku la zamani. Rejeta vivyo hivyo. Sampu ya injini, lile bakuli la oili, mara nyingi hugongana na ekseli ya mbele gari likiruka kwenye shimo. Acheni nafasi ya springi kubonyea mpaka mwisho, si nafasi ya gari limesimama. Springi za mbele ziongezewe jani kama injini ni nzito. Injini nyingine za Kijapani za dizeli zina staata ya volti 24, na gari lenu ni la 12. Ulizeni kabla ya kulipa. Toeni waya wa betri kabla ya kuchomelea chochote. Na chesisi, gongeni kwa nyundo toka mbele mpaka nyuma. Chuma kizima hulia, kilichooza husema "buf".

Kuhusu Hilux nitasema machache, kwa sababu ni rahisi zaidi. Toyota walitengeneza dizeli za ukoo mmoja: 2L ya lita 2.4, 3L ya lita 2.8, na 5L ya lita 3.0. Zinafanana umbo, na sanduku la gia la moja kwa kawaida hulipokea lingine. Ukitoka 2L kwenda 3L hujafanya mapinduzi, umepiga hatua moja, na ekseli za Hilux zitavumilia. Breki bado ziangaliwe. Lakini ukija na injini ya taabo yenye waya na kompyuta, usilete kwangu, peleka kwa mwenye mashine ya kuisoma.

Sasa hatari yetu sisi wenyewe, kabla gari halijatoka banda. Tangi la petroli. Mkibadilisha petroli kuwa dizeli mtahitaji bomba la kurudisha mafuta tangini, na mtu atasema tuchomelee kipande juu ya tangi, "halina kitu, tumelimwaga." Tangi tupu la petroli ni bomu kuliko lililojaa. Kilichojaa humo ni mvuke. Lioshwe mara kadha, lijazwe maji, na bora zaidi bomba lifungwe kwa bolti pasipo moto hata kidogo. Sijali tajiri ana haraka gani. Na injini isininginizwe kwenye tawi la mkaratusi kwa kamba ya katani. Kapi la mnyororo hukodishwa. Wafundi watatu mkichanga pamoja mwaweza kununua lenu. Mtu asiingie chini ya kitu kilichoshikwa na jeki peke yake.

Kwa wale walioajiriwa katika gereji au kampuni, sheria ipo upande wenu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamkataza mwajiri kumfukuza au kumwadhibu mfanyakazi kwa sababu amelalamika juu ya jambo la hatari. Sheria ya Fidia ya mwaka huo huo 2007 yampa aliyeumia kazini haki ya kudai, lakini dai lifanywe kabla ya miezi kumi na miwili kupita. Kijana yule aliyevunjika mkono kwenye mlima alikuja kuuliza baada ya muda huo. Sisi mafundi wa kujitegemea hatuna mwajiri wa kumdai, na ndiyo sababu kapi na stendi ni fidia yetu ya mapema.

Madereva nao wajue jambo moja ambalo wengi hawalijui. Gari bovu likikamatwa barabarani, sheria ya trafiki haimshiki mwenye gari peke yake. Anayeliendesha pia hushtakiwa. Kusema "ni gari la tajiri" hakumwondoi mtu kizimbani. Na injini ikibadilishwa, namba yake mpya na ukubwa wake lazima vipelekwe kwa NTSA, gari likaguliwe, kitabu cha gari kiandikwe upya. Injini isiyoandikwa huweza kukuletea polisi wakiuliza kama imeibwa, na siku ya ajali bima hupata mlango wa kutokea. Risiti ya injini itunzwe na mwenye gari, na fundi abaki na nakala.

Hapo ndipo nifike kwenye karatasi. Kabla ya kufungua hata bolti moja, andikeni. Kazi gani itafanywa, kwa bei gani, nani ananunua vipuri. Breki iwe mstari wa kwanza. Malipo yagawanywe mara tatu: breki na ekseli zikiisha, injini ikikaa mahali pake, na gari likimaliza majaribio na mzigo. Mwenye gari akikataa kazi ya breki, aandike kwa mkono wake kwamba amekataa, na sahihi. Nimeona wengi wakiifikia sehemu hiyo ya sahihi, kalamu iko mkononi, kisha wanasema, "Haya fundi, breki itakuwa pesa ngapi?"

Naona mikono. Tuanze na yule kijana wa nyuma.

(Aliulizwa: kama mwenye gari hana pesa za breki na ekseli, na fundi ana njaa, aikatae kazi?)

Ndugu yangu, usiikatae kazi, ibadilishe. Mwambie, "Mzee, pesa ulizo nazo zinatosha kuifufua injini yako ya zamani." Injini ile ya lita 2.25 ni ngumu kufa. Silinda zichongwe, pistoni mpya, krenki isagwe, valvu zikalishwe vizuri, kabureta isafishwe na kurekebishwa kwa hewa ya hapa kwetu, na chafya zote zitaisha. Atapata zile farasi 60 zake zote za Kakamega, na gari ambalo breki zake ziliumbwa kwa ajili yake. Wewe nawe utakuwa umepata mshahara wa juma zima. Mimi mwenyewe, katika magari kumi yanayokuja kuomba injini kubwa, mengi huyarudisha barabarani kwa njia hiyo, na wenye magari hurudi kushukuru. Wasiorudi wamekwenda kwa fundi mwingine.

(Dereva mmoja aliuliza: amepewa gari lililokwisha badilishwa injini na hajui kilichofanywa. Atajuaje?)

Swali zuri. Ingia chini yake kabla hujapakia. Tazama kama mabomba ya breki ni mapya au yana kutu ya zamani. Tazama tumbo la ekseli ya nyuma, kama lina kifuniko cha bolti nyuma. Washa injini, kanyaga breki, uone pedali inalainika. Kisha zima, kanyaga mara nne au tano, ukishikilia mguu hapo uwashe tena. Pedali ikishuka kidogo chini ya mguu wako, sevo yafyonza. Isiposhuka, hapana pampu au hapana sevo. Halafu tafuta kilima kidogo kisicho na watu, gari tupu, ulijaribu polepole. Ukiona kasoro, mwandikie tajiri barua fupi, weka tarehe, ubaki na nakala, nyingine umpe katibu wa chama. Usimwambie kwa mdomo tu mbele ya geti.

Mwenyekiti ananionyesha saa yake. Ule mfano wa karatasi ya mapatano nimemwachia katibu, ameupiga chapa upande mmoja wa karatasi moja. Mwenye kutaka nakala amwone ofisini asubuhi, siku yoyote ya kazi. Na wale watatu tuliosemezana juu ya kuchanga kapi la mnyororo, tukutane pale nje chini ya mti kabla hatujatawanyika.